Mke Wangu Refa Hataki Nimpokee kwa Gari

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya geti la mtu ambalo bado halijapakwa rangi, na nakuomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili mke wangu anashuka kwenye ndege na mpaka sasa sijui nitampokea vipi, na hapa kwetu kila mtu ana jibu lake isipokuwa mimi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha ya chuma, na mke wangu anafanya kazi kiwanda cha mikate, anafunga mikate kwenye mifuko tangu alfajiri, na akitoka mchana haji kujilaza kama wenzake, anabadilisha viatu palepale getini na kwenda kiwanjani kuchezesha netiboli, kwanza za watoto wa shule, baadaye za timu za kazini, baadaye za ligi, na hiyo kazi ameifanya kwa miaka mingi bila kulipwa zaidi ya maji ya kunywa na ahsante, na mtaa mzima unamwita Mama Filimbi, na mimi nikiri tu, mshauri, nilikuwa najivuna kimyakimya kuliko hata yeye mwenyewe.

Basi mwaka huu akachaguliwa kwenda nje ya nchi kuchezesha mashindano makubwa, refa mmoja tu kutoka kwetu, na siku alipopata habari alikuja karakana mbio akiwa bado na kofia ya kiwandani kichwani, unga kwenye nyusi, akanishika mikono yote miwili akaniambia amechaguliwa, nikazima mashine, nikalia mbele ya wateja, na sioni aibu kwa hilo.

Shida ikaanza tulipofika kwenye habari ya kwenda uwanja wa ndege. Jioni moja tukila akaniambia, "Fundi, mimi nimeshaulizia. Kuna basi linatoka kituo kikuu cha mjini, linafika mpaka mlangoni kwenye ndege, na nauli yake haifiki hata bei ya soda mbili. Begi langu ni moja, nimelipima dukani kwenye mizani ya mchele, halijazidi. Mniage hapahapa nyumbani, mimi na wewe tupande basi, unifikishe, urudi."

Nikamwambia haiwezekani, refa wa kimataifa asimame kwenye basi ameshika bomba, watu wamemkanyaga viatu?

Akasema, "Refa kazi yake ni kusimama."

Nikamwambia aniachie mimi hilo, yeye afikirie filimbi tu. Hapo ndipo nilipokosea, ila nilikosea kwa mapenzi, mshauri, naomba ulizingatie hilo ukinijibu. Kaka yangu mkubwa, ambaye wote tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hakuna shughuli ya ukoo ambayo hakuiongoza, alipopata habari akasema ndugu hawezi kusindikizwa kama mzigo wa posta, akakodi basi dogo, akanipa bili nilipe mimi, na tukajaa humo, mama mkwe, dada zake, Mwenyekiti na suti yake, binti yetu, na jirani mmoja ambaye mpaka leo sijui nani alimwalika.

Nami kwa upande wangu nilikuwa nimemtengenezea zawadi ya kuwapelekea wenyeji wa mashindano, goli dogo la netiboli la chuma, lina mlingoti na pete yake na kitako chake, limeng'arishwa mpaka unajiona uso, nikalifunga kwa kanga na kulisokomeza katikati ya begi yeye akiwa bafuni, nikijua akifika atalikuta atafurahi.

Lilikutwa mapema zaidi. Kwenye mizani ya ndege yule dada wa kaunta akatazama namba, akatazama mke wangu, akasema mzigo umezidi, kuna ya kulipa, na kulipia pale kaunta ni ghali kuliko kama mngelipia kabla mkiwa nyumbani. Mke wangu akasema haiwezekani, mimi nilipima. Akafungua begi palepale sakafuni mbele ya foleni, nguo zake zote nje, mpaka akafika kwenye kanga, akaifungua, akaliona lile goli. Akaniangalia.

"Umelitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Zuri sana. Rudi nalo nyumbani, nitalipiga picha niwaonyeshe."

Mwenyekiti nyuma yangu akasema kwa sauti, "Mwanamume harudi na zawadi!" na watu kwenye foleni wakageuka, basi nikajiona nimevimba, nikatoa pesa yote iliyokuwa mfukoni nikalipa, na dada wa kaunta akabandika karatasi na begi likaondoka na chuma changu.

Halafu tukaagana, mshauri, na sisi kuagana hatujui kufanya kifupi. Mwenyekiti alitoa hotuba. Mama mkwe aliomba dua ndefu. Tukapiga picha na ukoo wote, halafu picha ya wanawake peke yao, halafu ile ya jirani, na muda wote huo basi letu lilikuwa limesimama pale pa kushushia abiria, na ubao ulikuwepo, mkubwa, umeandika kwamba dakika za mwanzo ni bure na baada ya hapo ada inapanda kila ukichelewa, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeusoma kwa sababu tulikuwa tumeupa mgongo tukipiga picha.

Mke wangu akaingia ndani. Sisi tukaondoka tukiimba. Tukafika kwenye kizuizi cha kutokea, dereva akaingiza kadi, mashine ikaandika kiasi, wimbo ukakatika. Dereva akanigeukia. Mimi sina. Mwenyekiti akajipapasa suti, akatoa leso. Mama mkwe akafungua pindo la kanga yake, pakatoka sarafu za kununulia maji. Jirani akawa anatazama nje dirishani. Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi, foleni ikarudi mpaka kwenye mzunguko, na yule binti wa kwenye kibanda akatuambia kwa upole, "Baba zangu, si mimi. Hata nikitaka, hiki kizuizi hakinisikii."

Nikasema ngoja nifikiri, lakini mama mkwe hakungoja, alishampigia mwanawe. Mke wangu alikuwa amevua viatu kwenye foleni ya ukaguzi. Alitutumia pesa kwa simu kutoka kwenye posho yake ya safari, na ujumbe ukaingia kwenye simu yangu mimi: "Nimetuma. Nendeni salama. Naingia sasa." Basi. Hakuna tusi, hakuna lawama. Afadhali angenitukana.

Posho ile ilikuwa ndiyo ya kula na nauli zake kule. Yeye mwenyewe hakuniambia chochote, nilikuja kusikia kwa refa mwenzake wa nchi jirani aliyelala naye chumba kimoja, aliyepokea simu siku moja nilipompigia, kwamba mke wangu alikuwa anatembea kwa miguu kutoka walipofikia mpaka ukumbini na kurudi, wenzake wanapanda teksi, na akiulizwa anasema anatembea ili kupasha misuli. Nilisikia hayo nikiwa nimeshika elektrodi, ule ujiti wa kuchomelea, mkononi na sikuweza kuendelea na kazi siku hiyo.

Sasa sikiliza fahari yangu, kwa sababu hii barua si ya kilio tu. Alipewa fainali! Tuliangalia hapa karakana, simu tumeiegemeza kwenye pipa, mafundi wenzangu, wateja, watu waliokuwa wanapita njia tu. Mwishoni kabisa timu zimelingana, timu ya wenyeji ikafunga, ukumbi ukalipuka, na filimbi ikalia. Mke wangu amenyoosha mkono: goli si goli, mpira ulishikwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Ukumbi mzima ukamzomea. Watu elfu na elfu, mshauri, na yeye yuko peke yake katikati, mwembamba vile, na ule mkono haukutikisika wala hakuushusha mpaka waliporudisha mpira. Fundi mmoja hapa akanong'ona, "Huyu ndiye yule anayefunga mikate kiwandani?" nikaongeza sauti ya simu. Mechi ilipokwisha, manahodha wote wawili, hata yule aliyekataliwa goli, walikwenda kumpa mkono, na marefa nao wakavishwa medali. Na lile goli langu la chuma, nisikufiche, lilikuwa juu ya meza ya waandika magoli, nililiona mimi mwenyewe likimeremeta.

Sasa anarudi. Juzi akanipigia, nikamwambia tunakuja kukupokea, Mwenyekiti ameunda kamati, kuna magari mawili na pikapu yenye spika. Akasema, "Fundi, ukija na gari mimi natokea mlango mwingine."

"Watu watasema nini, mke wangu? Umerudi na medali halafu unapanda basi?"

"Watu gani? Wale waliokwama kwenye kizuizi?"

Akaongeza, taratibu, "Mimi nakutaka wewe. Njoo kwa basi."

Mwenyekiti hataki kulisikia hilo. Anasema nikikubali nimetawaliwa, na mchango wa ndugu haukutosha kwa hiyo mimi mwenye mke nijazie, na mimi sina, isipokuwa pesa ya mteja aliyonipa ninunulie vyuma vya geti lake, hili nililolikalia, ambalo bado upande mmoja haujaanzwa. Nimeishika ile pesa mara mbili nikairudisha kabatini. Naogopa kumuudhi mke, naogopa kumdharau kaka aliyenilea baada ya baba kufariki, na kusema ukweli naogopa pia kuonekana mtu aliyeshindwa kumpokea mke kama huyu kwa heshima anayostahili. Nifanye nini?

Ni mimi, mume wa Mama Filimbi.


MSHAURI ANAJIBU

Fundi, mdogo wangu, kwanza pongezi. Nimeisoma ile sehemu ya fainali mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mume wangu, akaacha kula. Una mke. Shukuru.

Pili, hiyo pesa ya mteja itoe kabatini leo hii, uende ukanunue vyuma ili isikutazame tena. Ungeigusa, ungekuwa na mageti mawili yaliyokufunga, lile la uwanja wa ndege na hilo unalolikalia. Sitaki kulisikia tena.

Sasa tuongee. Unaniambia ulikosea kwa mapenzi. Nakubali. Lakini mtu akikupenda anakusikiliza, na mkeo alikwambia kila kitu mezani ukiwa unakula: basi lipi, linatoka wapi, nauli kiasi gani, begi limepimwa wapi. Wewe ukakataa. Ulitaka aondoke kwa heshima, na heshima yenyewe ukailipia kwa pesa ya chakula chake. Unaona? Yeye alitembea kwa miguu ili wewe utoke kwenye kizuizi, na bado akasimama imara mbele ya ukumbi unaomzomea. Halafu wewe unamwogopa Mwenyekiti, mtu mmoja mwenye suti!

Wala usijione mjinga peke yako. Nina barua nyingi za watu walioliwa pesa na uwanja wa ndege, na wote walikuwa na furaha siku hiyo, ndiyo maana hawakusoma ubao. Uwanja wa ndege ni mahali pa watu wenye haraka na wenye machozi, na kila kitu pale kina bei ya watu wa namna hiyo, maji, mkate, dakika za kuegesha, kilo ya ziada. Mzigo wako ukijua utazidi, lipia siku chache kabla. Pima begi nyumbani, na ukishapima usilifungue tena, na mume asiingize kitu bila kusema, hata kama kinameremeta. Kuleni kabla ya kutoka. Kama mna mgonjwa au mtoto mchanga na gari ni lazima, shusheni, busu moja, ondokeni; hotuba zitolewe sebuleni, na picha zipigwe uani kwenu ambako kusimama ni bure. Na kama basi lipo, basi ni gari. Lina magurudumu na linafika.

Kuhusu kaka yako. Amekulea, hilo halifutiki, na sitakushauri umvunjie heshima. Lakini usimpelekee swali, kwa sababu ukimpelekea swali atakupa jibu na kamati. Mpelekee uamuzi. Nenda kwake wewe mwenyewe, usimpigie simu, kaa chini, mwambie: "Kaka, mke wangu ameomba nimpokee kwa basi, na mimi nimekubali. Nakuomba hiyo michango iliyokusanywa tuwarudishie wenyewe, au tununue vinywaji, watu wamsubiri hapa mtaani, na wewe ndiye uongoze." Akisema umetawaliwa, mwache aseme, maneno hayo hayalipiwi ada. Mpe kazi ya kuongoza. Watu kama kaka yako ukiwanyima uenyekiti ndipo wanapokuwa na shida, ukiwapa wanakuwa watu wazuri kabisa.

Na mkeo naye nina neno kwake, kwa sababu najua atasoma: Mama, siku nyingine ukiishiwa pesa ugenini usimwambie mwenzako unapasha misuli. Mwambie mumeo. Ana mikono, atafanya kazi, atakutumia. Kunyamaza kwako kulimuumiza kuliko honi za magari yote yale.

Fundi, Jumapili oga, vaa shati safi, toka mapema. Nauli ya kwenda iwe mfuko huu, ya kurudi ya watu wawili iwe mfuko huu mwingine. Simama mahali atakapokuona akitoka tu. Usimletee chochote. Mchukulie begi. Basi.


NILIYOYASIKIA BAADAYE

Jumapili haiwezi kusubiri gazeti, kwa hiyo jibu hilo juu nilimsomea fundi kwa simu, na leo nalichapa kwa ruhusa yake na ya mkewe. Wengi mtataka kujua ilikuwaje, na mimi pia nilitaka, kwa hiyo nilimpigia Jumatatu.

Alikwenda kwa kaka yake. Mwenyekiti alikasirika, akavunja kamati, akasema hahusiki tena na safari hiyo. Jumapili fundi akapanda basi peke yake kituo kikuu, na kabla halijaondoka akamwona kaka yake anaingia kwa mlango wa nyuma na suti yake, amelipa nauli yake mwenyewe. Hakukuwa na kiti. Alisimama njia nzima ameshika bomba, na walipofika akamwambia fundi, "Mimi nitabaki hapa kituoni. Wewe nenda kamchukue mkeo."

Mke alitoka na abiria wenzake, akasimama, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetafuta gari. Fundi akainua mkono. Anasema alikuwa amefanya mazoezi ya maneno mengi njiani na yote yakamtoka, akamwambia tu, "Pole na kazi." Yeye akaegemeza paji la uso kwenye bega lake, hapohapo watu wakipita na mabegi, na alikaa hivyo muda mrefu kidogo. Halafu akampa begi. Fundi anasema lilikuwa jepesi sana.

Walipofika kituoni Mwenyekiti alimpa shemeji yake mkono, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Tuliiona ile mechi." Hakutoa hotuba.

Basi la kurudi lilijaa. Kijana mmoja akampisha Mama Filimbi kiti, kwa sababu ya medali iliyokuwa imechungulia kwenye koti lake, halafu akawauliza wao waliosimama, yule ni mchezaji?

"Si mchezaji, ni refa," akasema Mwenyekiti. "Amechezesha fainali."

Kijana akamgeukia fundi. "Na wewe mzee, ni nani?"

Fundi ananiambia alijisikia kifua kimemjaa, akashika bomba vizuri, akajibu kwa sauti ambayo dereva mwenyewe aliisikia:

"Mimi ndiye mume wake."